Mseto si Ambatani

Ukimwomba mmoja wetu jina la Kiswahili la kopolima, huenda akakupa upesi "polima mseto". Neno ni tamu, tena lina ukoo: tuna kilimo mseto na serikali ya mseto. Mimi nalikataa, na sababu yangu ni ya kemia kabla ya kuwa ya lugha.

Polima ni molekuli kubwa iliyojengwa kwa vipande vidogo vingi vilivyoungana kwa vifungo vya kemikali. Hermann Staudinger aliitoa hoja hiyo mwaka 1920, wenzake wakambishia kwa miaka, hata mwaka 1953 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli. Katika kopolima, vipande ni vya aina mbili au zaidi, vyote ndani ya molekuli moja. Msomaji wa Uchindile, ambako reli ya TAZARA hupita, atanielewa upesi. Treni ya abiria na treni ya mizigo zikisimama sambamba stesheni, huo ni mseto. Mabehewa ya aina zote mbili yakiungwa katika treni moja, hiyo ndiyo kopolima. Mchele na choroko chunguni hukaa pamoja tu, havifungamani.

Sarufi yetu ina neno la kufungamana huko. Mwana na anga vikiwa mwanaanga, twasema nomino ambatani. Basi na tuseme polima ambatani, na mseto tuuachie mchanganyiko wa polima mbalimbali, ambao nao upo na wahitaji jina.

Na matawi je? Kofia nyingi za bodaboda hufinyangwa kwa plastiki ya ABS, ambayo ndani yake minyororo ya aina moja imepandikizwa juu ya mnyororo wa mpira. Kupandikiza ni neno la mkulima. Sioni haja ya jingine.

Umbo hilo halionekani kwa macho. Wanakemia huimumunyisha polima katika kiowevu (nasema mmumunyo, si myeyuko: barafu huyeyuka, sukari humumunyika), kisha huupitishia mwanga na kupima unavyotawanyika. Mwaka 1949 Zimm na Stockmayer walionyesha kwa hesabu kwamba, uzito ukiwa sawa, molekuli yenye matawi hujikunyata kuliko isiyo nayo. Ndiyo maana mmumunyo wake, kwa kawaida, hutiririka kwa wepesi zaidi. Lakini ambatani ina hila. Kila sehemu yake huupinda mwanga kwa kadiri yake, na ile inayoupinda sawasawa na kiowevu hutoweka mbele ya chombo, hata uzito unaosomwa ukawa si wa kweli. Mwanafunzi aliyefundishwa "mseto" atauliza kwa nini sehemu hizo zisitenganishwe kwanza, kila moja ikapimwa peke yake. Jina ndilo litakalokuwa limempoteza.

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikakitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia ngazi zote. Hata hivyo kemia ya sekondari bado husomeshwa kwa Kiingereza, na lawama hutupiwa uhaba wa istilahi. Mimi naona uhaba mkubwa zaidi ni wa aya: maelezo marefu, yenye mantiki, yaliyoandikwa na watu wanaoijali sentensi. Hapo washairi hawana udhuru.

Zipo pia polima ambazo matawi yake yote huchipuka kwenye kitovu kimoja. Kwa sasa naziita polima nyota. Mwenye neno bora na alilete.