Pikapu kwanza, mbao baadaye

Wiki hii nina ugomvi na wauza magitaa. Kijana kajinyima chipsi miezi minane, anaingia dukani kutafuta gitaa la besi, jamaa anamgongea ubao kwa kidole: "Sikiliza huo mlio, huu mti wa bei mbaya!" Kijana anatikisa kichwa kama fundi, anahesabu noti. Jamani, besi la umeme halichaguliwi kwa kugongwa kama tikiti maji!

Tuelewane. Pikapu ninayoisema hapa si ile ya kubebea mchanga. Ni kile kidude kilichokaa chini ya nyuzi: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya na kukimbilia kwenye amplifaya. Waliokuwa hawasinzii kipindi cha fizikia wanaikumbuka hiyo. Sasa, sumaku haina masikio. Inachokijua ni chuma kinachotikisika, basi.

Ndiyo maana mahali pikapu ilipokaa ni jambo kubwa. Ikisogea upande wa shingo, uzi pale unayumba sana, sauti inatoka nene. Ikikaa nyuma, karibu na pale nyuzi zinapofungiwa, uzi umekaza, sauti inakuwa kali na ya puani kidogo.

Chukua Fender wa Marekani. Precision Bass yao ilitoka 1951, na mwaka 1957 ikapewa pikapu iliyokatwa vipande viwili, kila kipande kinahudumia nyuzi mbili. Ule mvumo wa umeme kama nzi kwenye glasi ukatulia. Sauti yake ni nzito na inasukuma. James Jamerson, yule wa nyimbo za Motown, hilo ndilo lilikuwa jembe lake. Halafu ikaja Jazz Bass mwaka 1960, pikapu mbili, moja mbele, moja nyuma. Jaco Pastorius alikuwa na ya 1962 isiyo na vyuma shingoni, akaegemea pikapu ya nyuma, besi likaanza kuimba kama mtu. Cheki sasa: miaka hiyo ya sitini magitaa yote mawili yalichongwa sana kwa mti uleule, alda. Mbao moja, sauti mbili tofauti kabisa!

Kama bado unabisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ned Steinberger alikuwa akiuza besi la nyuzi za kaboni na gundi, halina kichwa wala kipande cha mti. Na lilikuwa besi kwelikweli.

Msinielewe vibaya, mbao si pambo. Shingo ikiwa legelege inameza mtikisiko wa uzi, na utakuta kuna mahali ukibonyeza sauti inakufa kabla hujaipenda. Kwa hiyo shingo hufanywa kwa miti migumu kama mepo, au wenge ya Kongo, ndiyo, jina lilelile la bendi ya Kinshasa. Warwick wa Ujerumani walijijengea jina kwa shingo hizo za wenge. Hata rosewudi ya kwenye ubao wa vidole ni ukoo mmoja na mpingo wetu wa Lindi na Kilwa. Na uzito je? Ubao mzito saa tano ukumbini, asubuhi bega linadai posho yake.

Ila tofauti ya ubao wa kiwiliwili ni ndogo, na ukumbi ukishajaa, ngoma zikianza, nani ataisikia? Pikapu unaweza kuibadilisha kesho, nyuzi hata leo jioni. Shingo iliyopinda vibaya ndiyo msiba.

Kwa hiyo dukani usigonge kitu. Mwambie achomeke kwenye amplifaya. Fungua pikapu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kisha zote. Bonyeza shingo yote, uzi kwa uzi, ukisikiliza wapi sauti inakatika. Tazama shingo kwa jicho moja kama seremala. Akikwambia umeme wake ni wa kuuza si wa kujaribia, muage vizuri, jirani yake naye anauza.