Kampala inajua inachokusanya, ijue pia inachotumia

Asubuhi moja ya mvua nilimkuta mama mmoja wa Bukoba amesimama kwenye kibaraza cha duka pale Kikuubo, anahesabu katoni zake za sabuni. Nne zilikuwa zimelowa. Mtaro wa mbele ya duka ulikuwa umeziba kwa mifuko na maganda ya ndizi, maji yakapanda hadi pale kuli alipokuwa ameutua mzigo dakika chache kabla. Mama yule hakupiga kelele. Aliniambia tu kwamba hapa Kampala hana wa kumlalamikia, kwa sababu diwani wake yuko Bukoba.

Nyuma yake, ukutani, leseni ya biashara ya mwenye duka ilikuwa imebandikwa, imelipwa ya mwaka mzima.

Wewe unayevuka Mutukula, Busia, Katuna au Elegu kwenda kununua mzigo Kampala hupigi kura kule, lakini jiji lile unalichangia kila safari. Ada ya stendi imo ndani ya nauli yako. Leseni na kodi ya jengo zimo ndani ya bei ya katoni. Kwa hiyo swali la jinsi jiji linavyotumia fedha zake si la Waganda peke yao. Ni lako pia, hata kama hakuna atakayekuja kukuomba kura.

Tuanze na haki yao. Mwaka 2011 usimamizi wa Kampala ulitoka kwenye halmashauri ya zamani ukaenda kwa Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, kwa sheria iliyopitishwa 2010. Mkurugenzi mtendaji wa kwanza alikuwa Jennifer Musisi, mwanasheria aliyetokea Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Wakati huo jiji lilikuwa likipata takribani shilingi bilioni 30 za Uganda kwa mwaka kutoka vyanzo vyake lenyewe. Baada ya miaka minne makusanyo yalizidi bilioni 80. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na usimamizi, si kodi mpya. Fedha taslimu ziliondolewa mikononi mwa wakusanyaji. Walipaji waliandikishwa upya. Malipo yakahamia benki na kwenye simu. Stendi za teksi, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa mikononi mwa chama cha waendeshaji, zikarudi chini ya jiji.

Mfanyabiashara anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Fedha ikipita mikono mitano, inafika imekonda.

Kazi ile ilikuwa na upande wake mchungu. Wachuuzi waliondolewa barabarani, wengine bidhaa zao zikachukuliwa, na ugomvi kati ya mkurugenzi na Meya Erias Lukwago ulikula muda ambao ungetumika kwa kazi nyingine. Musisi alijiuzulu mwishoni mwa 2018. Hata hivyo mfumo wa kukusanya ulibaki, na wenye maduka ninaozungumza nao wanakiri kwamba kulipa leseni leo ni rahisi kuliko zamani.

Tatizo langu liko upande wa pili wa daftari. Ufundi ule wa kuhesabu kinachoingia haujafika kwenye kinachotoka. Muulize ofisa yeyote wa jiji, si Kampala tu, hata Dar es Salaam au Nairobi, kwamba kuzoa tani moja ya taka sokoni kunagharimu shilingi ngapi. Atakuonyesha bajeti: mishahara, mafuta, matengenezo ya magari. Bei ya tani moja hana. Wewe ukiulizwa katoni moja ya sabuni imekugharimu kiasi gani hadi dukani kwako, utajibu hadi senti: bei ya kununulia, kuli, nauli, forodha, na ile soda uliyomnunulia dereva.

Indianapolis, Marekani, walianza hapohapo. Stephen Goldsmith, aliyekuwa meya kuanzia 1992 hadi 2000, alitaka kazi za jiji zishindaniwe na kampuni binafsi. Kabla ya kushindanisha ilibidi jiji lijue kuziba mashimo ya barabarani kunaligharimu kiasi gani, na hesabu hiyo haikuwepo. Ilipopigwa, wafanyakazi wa jiji na chama chao walisema jambo ambalo wakubwa hawakulitarajia: kwamba wasimamizi walikuwa wengi mno kwa idadi ya wanaoshika koleo. Wasimamizi wakapunguzwa, wafanyakazi wakaweka bei yao, wakazishinda kampuni. Sisemi Kampala inakili Indianapolis. Sipendi hata kidogo ile tabia ya kudhani kila dawa ya jiji ni kubinafsisha, na kisa hiki chenyewe kinaonyesha kwamba wa ndani wanaweza kushinda wakipewa hesabu na nafasi. Kilicholeta nafuu kilikuwa kujua bei ya shimo moja.

Bila bei hiyo, kubana matumizi kunageuka kuahirisha. Dampo la Kiteezi lilifunguliwa 1996. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba limejaa, na kila mwaka ambao dampo jipya halikujengwa ulionekana kwenye vitabu kama mwaka ambao fedha hazikutumika. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule wa taka uliporomoka juu ya nyumba za watu. Waliokufa walizidi 30. Mwezi uliofuata Rais Museveni alimfukuza kazi mkurugenzi mtendaji, Dorothy Kisaka, pamoja na wenzake. Ukijumlisha uokoaji, fidia na kutafuta mahali pengine pa kumwaga taka kwa haraka, hakuna mhasibu atakayekuambia kwamba kuchelewa kuliokoa shilingi. Na hapo hatujawataja waliozikwa.

Mtaro wa Kikuubo ni Kiteezi ndogo. Mvua za Kampala zina msimu, Machi hadi Mei, kisha tena Septemba hadi mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo hakuna anayeshtukizwa. Kuuzibua Februari kunahitaji vijana wachache, makoleo na lori moja. Kuuacha hadi Aprili kunaleta lami iliyobomoka, duka lililofungwa siku nzima na katoni nne za sabuni ambazo mama wa Bukoba aliziuza kwa nusu bei kabla ya kufika Mutukula. Hasara hiyo haiandikwi kwenye kitabu chochote cha jiji, na ndiyo maana mtaro unaonekana kuwa ghali na mafuriko yanaonekana kuwa ya bure.

Kuna watakaosema jiji halina fedha za kutosha, na ni kweli. Serikali kuu inapanga sehemu kubwa ya bajeti, na madaraja na barabara vinategemea mikopo. Lakini ndiyo sababu zaidi ya kujua bei ya kila huduma. Mwenye mtaji mdogo ndiye anayepaswa kuhesabu zaidi.

Ninachopendekeza hakihitaji mkopo. Kwenye lango la kila soko kubwa, kuanzia Owino hadi Nakasero, na pale Kikuubo penyewe, jiji libandike kila miezi mitatu ubao wenye hesabu ya eneo lile: limelipa ada na leseni kiasi gani, malori ya taka yamekuja mara ngapi na kwa bei gani kwa tani, mtaro umesafishwa lini. Wenye malori ya jiji na kampuni binafsi wapimwe kwa ubao huohuo. Uandikwe kwa Kiganda, Kiingereza na Kiswahili, maana wakuu wa Jumuiya waliamua Februari 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na wanunuzi wengi wa Kikuubo hawana lugha nyingine ya pamoja.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vimezoea kukutana na maofisa wa forodha tu. Katika ajenda ya kikao kijacho waongeze jambo moja, wamwite na ofisa wa jiji, wamuulize bei ya tani.