Mjomba, Hiyo Geji Siyo Mchezo

Najua nimepotea siku nyingi, mnisamehe. Nilikuwa nyumbani Mikumi, na nimerudi mjini na jambo linalonikereketa rohoni. Leo sina habari ya mheshimiwa wala ya ufisadi. Leo nazungumzia mshale. Mshale mmoja mweupe kwenye skrini ya kompyuta ya mtumba, ambao nusura uvunje undugu.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kamaliza kidato cha nne na anasubiri majaliwa. Ana kompyuta ya mezani, kubwa kama mzinga wa nyuki, na ndani yake ameweka FlightGear, programu ya kurushia ndege ambayo ni ya bure na imekuwepo tangu 1997. Ukiifungua unajikuta umekaa kwenye chumba cha rubani cha Cessna 172. Mbele yako kuna dashibodi iliyojaa vyombo: kipima mwendo, dira, altimita inayokuambia uko juu kiasi gani, na ule upeo bandia unaokuonyesha kama ndege imenyooka au imelalia bawa moja.

Wengine wakifika hapo wanawasha injini na kuruka zao. Mdogo wangu anafungua mafaili. Miezi mitatu yuko kwenye altimita tu. Kachora uso wake upya, kabadili tarakimu, kabadili mshale. Anafanya kazi hiyo usiku, maana mchana yuko shamba.

Mjomba akaja kutoka mlimani Vidunda, akaona, akaamua: kompyuta iuzwe, hela inunue mbolea. Na sisi Wavidunda ni watu wa upande wa mama, mjomba akisema ameshasema. "Kijana mzima anachezea saa ya ndege ambayo haipo!" Mwalimu mmoja aliyekuwepo barazani akaongezea chumvi: kama anataka kompyuta, ajifunze kompyuta ya kweli, kuandika barua na kuchapa.

Mimi pale nilinyamaza, kwa adabu. Sasa nasema. Shikamoo mjomba, naomba unisikilize.

KWANZA, TUANZIE BARABARANI

Mjomba, wewe umewahi kuwa utingo wa lori. Unaijua barabara kuu inavyokatiza hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na unajua tunavyookota swala waliogongwa pembeni ya lami. Hebu niambie, ni magari mangapi uliyopanda ambayo mshale wa spidi ulikuwa unafanya kazi? Mshale umelala kwenye sifuri kama umekufa, dereva anakwambia "mimi naisikia gari kwa masikio". Geji ya mafuta nayo imekufa, utingo anachovya kijiti kwenye tangi.

Tumezoea. Kwetu dashibodi ni pambo la kuwekea kitambaa na picha. Halafu kijana mmoja katika ukoo anauliza swali ambalo hatujawahi kuuliza: huu mshale unajuaje? Nani anauambia usimame hapa na si pale? Huyo ndiyo tunataka kumnyang'anya kompyuta!

PILI, KAZI YENYEWE

Ngoja nieleze anachofanya, maana wengi mnadhani anapaka rangi. Katika programu ile, geji ni vitu viwili: picha na maelezo. Picha ni uso na mshale. Maelezo ni faili la maandishi linaloiambia kompyuta ichukue urefu wa ndege kutoka usawa wa bahari, iuzidishe kwa namba fulani, iuzungushe mshale kwa nyuzi hizo. Mshale mrefu wa altimita huzunguka mara moja kwa kila futi 1,000. Duara ni nyuzi 360. Gawanya 360 kwa 1,000, unapata 0.36. Hiyo ndiyo namba inayoandikwa.

Mdogo wangu mara ya kwanza aliandika 0.036. Sifuri moja tu imezidi. Akaniita nishuhudie. Tukapaa kutoka uwanja mdogo wa Mikumi, tukageuza kusini kuelekea milimani kwetu. Milima ya Vidunda imo humo ndani, jamani, imepangwa kwa vipimo vya rada vilivyopigwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000. Nyumba zetu hazimo, lakini mabonde yamo na Ruaha imo. Basi ndege ikaanza kushuka polepole, na mshale kwa sababu ya ile sifuri ukawa unatambaa kama kinyonga. Futi 500 zimepotea, mshale umesogea kidogo sana, sisi tunaona tuko sawasawa. Tukajipigiza mlimani.

Akacheka, kisha akanyamaza. Akachukua daftari akagawanya upya kwa kalamu. Jamani, huyu ni kijana aliyepata alama ya aibu kwenye hisabati! Hakuna aliyemchapa. Mlima ndiyo uliomsahihisha.

Akaingia jambo la pili. Altimita hupima uzito wa hewa, na uzito wa hewa hubadilika kila siku, kwa hiyo ina kidirisha ambacho rubani anawekea kipimo cha siku hiyo. Ile aliyoikuta ilisoma kwa inchi za zebaki, utaratibu wa Marekani, ambako kipimo cha kawaida ni 29.92. Lakini sisi hapa tunatumia hektopaskali. Taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa Julius Nyerere inaandikwa Q kisha tarakimu nne, mathalani Q1013. Kijana akaona geji ya wageni haisomi hewa ya kwetu. Inchi moja ni hektopaskali 33.86 hivi, akazidisha, akachora kidirisha kipya.

Mtasema ni mapambo? Sikilizeni. Hektopaskali moja ni kama futi 28 karibu na usawa wa bahari. Rubani akiambiwa "992" kwa hektopaskali, yeye akili yake ikaenda kwenye 29.92 za inchi, amekosea hektopaskali 21. Altimita itamwambia yuko juu kuliko alipo kwa karibu futi 600, yaani mita 180. Mita 180 kwenye ukungu ukiwa na milima mbele ni kifo. Marubani wa kweli wanafundishwa kuuogopa mtego huo. Mdogo wangu kauona peke yake, kwenye kibanda cha bati, saa sita za usiku.

TATU, HILO NENO "MCHEZO"

Mwaka 1929 huko Marekani alikuwepo Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda. Akachukua mifuko ya kupulizia hewa ya vinanda akatengeneza kijindege cha kujifunzia kisichotoka chini. Watu wakasema mchezo! Kweli, vya mwanzo viliuzwa kwenye viwanja vya burudani, watu wanalipa wanapanda wanacheka. Ilipofika 1934 jeshi likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wakawa wanakufa kwenye mawingu na giza kwa kutojua kuruka kwa kutazama vyombo. Hapo ndipo jeshi likaenda kununua vile vijindege, sita vya kuanzia. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, maelfu kwa maelfu walijifunzia humo.

Na kuhusu kupanga dashibodi, tumkumbuke Alphonse Chapanis. Wakati wa vita hiyo hiyo, marubani wa ndege ya B-17 walikuwa wakishatua salama wanakunja magurudumu kwa bahati mbaya, ndege inalala tumbo. Wakubwa wakasema marubani wazembe. Chapanis, mwanasaikolojia, akaenda kutazama ndani: swichi ya magurudumu na ya vibawa vya kutulia zimekaa jirani na zinafanana kama mapacha! Akapendekeza swichi ya magurudumu iwekewe kigurudumu kidogo cha mpira ili mkono uijue hata gizani. Dawa ilikuwa kubadilisha chombo, mjomba, siyo kumfokea mtu.

Na tusiende mbali sana. Tarehe 5 Mei 2007, usiku wa manane, ndege ya Kenya Airways namba 507 ilipaa kutoka Douala, Kamerun, kuja Nairobi. Boeing 737-800, karibu mpya kabisa. Nje ni giza na mvua. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani alidhani mtambo wa kujiendesha umeshika, kumbe haukushika. Ndege ikaanza kulalia kulia, taratibu, taratibu, mwili hausikii. Upeo bandia mbele yao ulikuwa unaonyesha ukweli wote, hakuna aliyeutazama kwa wakati. King'ora kilipolia walikuwa wameshalala nyuzi zaidi ya 30, na rubani akachanganyikiwa. Watu 114 walikufa, hakuna aliyepona.

Sisemi kwamba mdogo wangu angewaokoa. Sina kichaa hicho. Ninachosema ni kwamba chombo kinaweza kusema kweli na bado kisisikilizwe. Na mtu aliyekaa wiki nzima akichora alama za nyuzi 10, 20 na 30 kwenye upeo bandia kwa mkono wake, akilaumiana na kila mstari, huyo atautazama tofauti na aliyeukuta tayari.

NNE, MWALIMU NAYE

Mwalimu, na wewe shikamoo. Hiyo "kompyuta ya kweli" unayoisema, ya kufungua, kuandika barua na kuchapa, ni kumfundisha mtoto kuwa abiria. Bonyeza hapa, usiguse pale, utaharibu. Tumelea kizazi kinachoogopa kuharibu. Simu ni ya wenzetu, programu ni ya wenzetu, hata kipimo cha hewa tunachukua cha wenzetu bila kuuliza kama kinafaa. Kijana anayejua kwamba nyuma ya kila mshale kuna namba, na namba hiyo iliandikwa na mtu, na mtu huyo anaweza kukosea, huyo kesho hatadanganywa na mita ya umeme, na mzani wa mnunuzi wa mpunga, wala na takwimu za mheshimiwa.

Mjomba, mizani ya wanunuzi umeilalamikia miaka yote. Nayo ni geji!

TANO, NAKUBALI NILIPOKOSEA

Nisiwe mbishi wa kijinga. Simuleta ya nyumbani haimfanyi mtu rubani. Haikupi tumbo kupanda kooni, haikupi hofu. Urubani unasomewa kwa walimu, ndege halisi na hela nyingi, kama Soroti kule Uganda ambako chuo kilianzishwa 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Na geji ya kujichorea inaweza kudanganya, ile sifuri moja ni shahidi. Mdogo wangu alitaka pia kuandika kila kitu kwa Kiswahili, nikamwambia aweke Kiswahili wakati wa kujifunza, kisha akifute, kwa sababu kwenye ndege halisi atakuta Kiingereza.

Na mbolea ni kweli. Mvua haisubiri hektopaskali. Mjomba hana roho mbaya, ana shamba la mahindi na vinywa vya kulisha.

Kwa hiyo mimi, kama kaka mtu, naweka hela mezani badala ya maneno matupu. Nusu ya mbolea ya msimu huu nailipa mimi. Kijana ataendelea kushika jembe asubuhi kama kawaida. Kompyuta ibaki mpaka mavuno. Baada ya mavuno, mjomba, uje ukae kwenye kiti chake, akurushe kutoka Mikumi mpaka juu ya mlima wako kwa altimita aliyoitengeneza yeye. Mkijipigiza, uza.

Mkifika salama, naomba uniambie tena ni mchezo.

Nimetuma ujumbe huu nyumbani kama ulivyo, shangazi atamsomea. Jibu bado. Nyie wengine mliowahi kumnyang'anya mtoto redio aliyoifungua, saa aliyoichokonoa, simu aliyoitoa mfuniko, nendeni mkamrudishie leo.

Nawasilisha.