Kaske, Bafle Saba na Sikio la Baba

Mwezi huu tuongee juu ya kaske, kile chombo cha kuvaa kichwani kwa kusikiliza miziki ao filme. Vijana wanakipenda, wazazi wanakinungunikia, na kila upande uko na haki kidogo.

Jamaa moja ya hapa Kolwezi waliniita kwa kutuliza ugomvi. Baba anafanya poste ya usiku kwenye mugodi, na muchana anatafuta usingizi. Kijana wake naye anafungua filme, bafle zinalia mpaka madirisha yanatetemeka. Mama yuko katikati yao. Siku niliyofika, kijana alikuwa amekwisha kupata dawa: kaske mupya. Akaniambia: "Pasta, hii iko na bafle saba mule ndani! Sauti inakuzunguka. Njo maana nililipa mingi."

Tukasoma boksi pamoja. Bafle zilikuwa mbili tu, moja kwa kila sikio. Zile saba zilikuwa za kuigiza. Muuzaji alimudanganya juu ya hesabu, lakini ile ya kuzunguka si uongo. Wewe pia uko na masikio mawili tu, na hata hivyo, motokari ikikuja nyuma yako, unajua kwamba iko nyuma. Ginsi gani?

Mutu akikuita kwa kuume, sauti yake inafika kwanza kwenye sikio la kuume, kisha la kushoto. Tofauti haifike hata sehemu moja ya sekunde iliyokatwa mara 1.000, lakini ubongo unaisikia. Tena kichwa chako kinafunga njia ya sauti, zaidi sana sauti nyembamba, na sikio la mbali linapata kidogo. Mwanasayansi Mwingereza Lord Rayleigh alieleza mambo haya mawili katika 1907. La tatu ni mikunjo ya sikio lako la inje. Sauti ya mbele, ya nyuma na ya juu, kila moja inagonga mikunjo ile kwa namna yake na kugeuka kidogo.

Zamani watu walikwisha kuonja jambo hili. Katika 1881, kule Paris, Clément Ader alitia mikro nyingi kwenye jukwaa la Opéra, na nyuzi za telefone zikapeleka sauti mpaka kwenye maonyesho ya umeme. Mwenye kusikiliza alishika telefone mbili, moja kwa kila sikio. Watu walishangaa: walisikia waimbaji wakitembea toka upande huu mpaka upande ule.

Leo ordinateri inafanya zaidi. Wataalamu wanatia mikro ndogo ndani ya masikio ya sanamu ya kichwa, wanapiga sauti toka pande zote, wanapima kile kinachofika. Katika 1994, Bill Gardner na Keith Martin wa chuo cha MIT, Marekani, walipima hivyo toka mahali 710 na kuwapa watu wote vipimo vyao. Basi, filme ikiwa na sauti ya bafle ya nyuma kushoto, ordinateri inaichelewesha kidogo kwa sikio la kuume, inaipunguza, na kuigeuza kama vile sikio lingefanya. Inafanya hivyo kwa kila bafle, kisha inachanganya yote na kuyatuma kwenye bafle zako mbili.

Kwa hiyo, kijana, usiuze shati yako juu ya kaske ya "bafle saba". Ordinateri yenye Windows 10 ao 11 iko na Windows Sonic bila kulipa, na kaske ya kawaida inatosha. Lakini usifungue kuigiza mara mbili, kwenye ordinateri na kwenye kaske, sauti itavurugika. Na usishangae kama sauti ya mbele inaonekana kutoka nyuma. Masikio ya sanamu si masikio yako. Tena ukigeuza kichwa, kwenye kaske nyingi sauti inageuka pamoja nawe, na ubongo unatambua kwamba wanaudanganya.

Turudi kwa ile jamaa. Kijana akamuvalisha baba yake kaske. Baba akasema: "Mi sisikie kitu cha kuzunguka. Yote iko huku kwa kuume." Kijana akacheka. Mimi sikucheka. Nikamuomba baba afunge macho, nikatikisa funguo kimya kimya mbele, nyuma, kuume, kushoto. Kila mara alionyesha kuume. Mama akanyamaza, kisha akasema polepole: "Miaka yote hii ninamuita, haitikie. Mi nilifikiri ni zarau."

Haikuwa zarau. Sikio la kushoto lilikuwa linakufa, na hakuna mutu aliyejua, hata yeye mwenyewe. Nikamuambia aende kwa daktari wa masikio bila kungoja. Kelele ya mashine kwa kawaida inaharibu masikio yote mawili. Kama moja linazidi kupotea, inafaa kutafuta sababu ingine pia. Alikwenda, na sasa wanamufuata kule hospitali.

Wapendwa, fanyeni muchezo ule wa funguo nyumbani, baba, mama na watoto. Na mwenye kaske akumbuke: Shirika la Afya la Dunia, OMS, linasema mutu mukubwa asipite saa 40 kwa juma kwenye sauti ya desibeli 80, na mutoto desibeli 75. Ukiongeza desibeli 3 tu, ule muda unakatwa nusu. Kama mama anasimama karibu, anakuita kwa sauti ya kawaida na husikie, punguza. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikikufa, haviote tena, na hakuna duka lenye kuuza vingine.

Muumba alitupa masikio mawili. Tuyachunge, ili tusikie filme, ndiyo, lakini zaidi tusikilizane nyumbani. Tutaonana mwezi ujao.