Breki ya Pikipiki ni Haki ya Mfanyakazi



Wapo waajiri wanaowapa wenzetu pikipiki ndogo za kupandia milima, lakini chupa ya mafuta ya breki wanaiona hasara. Mkono wa breki ya diski ukibonyea kama sifongo, mna upepo ndani. Jaza kikopo mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kifunikoni. Chomeka mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo. Bana mkono, ushikilie, legeza nati kidogo, uikaze kabla ya kuachia mkono. Rudia mpaka mapovu yaishe, kikopo kisikauke. Mkono ukibaki laini, tafuta panapovuja, au raba za pampu zimechakaa.

Msikubali oili ya injini, inaharibu raba. Chupa iliyokaa wazi nayo ni hatari. Kipimo cha DOT 4 mpya ni kutochemka chini ya nyuzi 230. Yakivuta unyevu, 155. Anayeshuka mteremko wa Kabale atabana mkono bure.

Tudai mafuta, spana, na saa ya matengenezo yenye malipo. Pikipiki ni ya mwajiri, roho ni yetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.