Daftari la wiki: Mapango, mawe na mafuta ya bata

Pango mashuhuri kuliko yote katika bonde la Vézère, kusini-magharibi mwa Ufaransa, haliingiliki. Lascaux iligunduliwa na vijana mwaka 1940, ikafunguliwa kwa umma 1948, na mwaka 1963 waziri wa utamaduni, André Malraux, akaifunga. Pumzi na joto la wageni vilikuwa vimeotesha mwani wa kijani ukutani. Michoro iliyokaa gizani salama kwa miaka ipatayo 17,000 ilielekea kumalizwa na watu wanaoipenda.

Anachooneshwa mgeni leo ni nakala, iliyofunguliwa Montignac Desemba 2016. Mimi si mtu wa nakala, lakini hii inastahili tiketi yake. Kila kinundu cha mwamba kimefuatwa, fahali mkubwa ana urefu unaozidi mita 5, na mtembezaji hafichi kwamba unatazama kazi ya mafundi wa leo.

*

Mwenye kiu ya kitu chenyewe aende Font-de-Gaume, Les Eyzies. Huingizwa watu wachache tu, kwa hiyo tiketi itafutwe mapema. Mtembezaji wetu aliishika kurunzi kwa ubavu wa ukuta, akaisogeza taratibu. Nyati wa manyoya akatokeza bega, kisha nyonga: mchoraji alikuwa amechagua palipofura kwenye jiwe pawe mwili wa mnyama. Mtoto aliyekuwa mbele yangu alirudi nyuma ghafla, akanikanyaga.

Pango la Rouffignac unaliingia kwa treni ndogo ya umeme. Darini wamejaa mamothi, wale ndovu wa manyoya waliokwisha duniani, na papo hapo pana majina ya wageni wa karne zilizopita, yameandikwa kwa moshi. Fulani alifika hapa, na mwaka wake. Kumbe maradhi ya kuandika majina ukutani hayana kabila.

*

Malraux yuleyule aliyefunga pango ndiye wa sheria ya Agosti 1962 inayolinda mitaa ya kale, majumba yakarabatiwe badala ya kubomolewa. Mji wa Sarlat ulikuwa wa mwanzo kufaidika, na inaonekana: kuta za rangi ya asali, mapaa ya vibapa vya mawe, kanisa la zamani lililogeuzwa soko. Ila katikati ya mji nimeona maduka ya maini ya bata kila kona, na sikuona pa kununulia msumari.

Mtoni Dordogne, ngome za Beynac na Castelnaud zinatazamana. Katika Vita vya Miaka Mia moja ilikuwa ya Wafaransa, nyingine ya Waingereza. Sasa zinagombea watalii.

*

Chakula cha huku ni bata, na bata tena. Paja lake hupikwa polepole katika mafuta yake mwenyewe, kisha huhifadhiwa humohumo. Akili ileile iliyotupa sisi ng'onda, kabla ya friji. Viazi navyo hukaangwa kwa mafuta hayo, na kitunguu saumu. Vitamu, siwezi kubisha. Maini ya bata nimeyaacha: ndege hulishwa mahindi kwa bomba kooni ili ini livimbe, na hilo sikuweza kulimeza. Msomaji anayekula halali asihofu njaa. Kuna jibini ya mbuzi, stroberi, na keki ya jozi ambayo peke yake inatosha kuwa sababu ya safari. Ila kwenye supu awe macho, maana wazee hapa humimina divai kwenye mabaki ya supu, wakainua bakuli na kuyagugumia.

*

Huko Milandes kuna kasri alilolimiliki Josephine Baker, msanii mweusi mzaliwa wa Marekani. Humo alilea watoto 12 aliowaasili, hadi madeni yakamtoa. Mwaka 2021 Ufaransa ilimwingiza Panthéon, mahali inapowaenzi mashujaa wake.

*

Les Eyzies pia ndiko Mary Leakey, yule mwanaakiolojia wa Olduvai, alikoanza kuchakura. Alikuwa binti mdogo akifuatana na baba yake mchoraji, na mwanaakiolojia wa huko akamruhusu kuokota zana za mawe kwenye kifusi cha pango. Mwaka 1951 alikuwa Kondoa, akinakili kwa mkono michoro ya miambani. Michoro hiyo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na huko hutaoneshwa nakala; ni ile yenyewe, kwenye mwamba wazi. Barabara ya lami ya Dodoma–Babati inapita Kolo, karibu na michoro hiyo. Ukiwa safarini, shuka, ulizia mtembezaji, upande naye mlimani. Michoro usiiguse.