ESANSE NDANI YA VERNI: SISI HATUTAKI



Wengi mlisikia harufu ile juma lililopita, hata kule kwa kalasi ya kwanza. Ni sisi. Tulikuwa tunapaka meza verni ndani ya ateliye, madirisha yamefungwa juu ya vumbi. Verni ilikuwa nzito, terebantini imekwisha, basi tukatia esanse. Kiisha saa moja wenzetu wawili walishikwa na kizunguzungu, mmoja akatapika. Watu walicheka, eti wamelewa. Sisi hatukucheka, kwani karibu na mlango kulikuwa mbabula ya mama mpishi, makala yanawaka.

Wengi wanafikiri kinachowaka ni esanse yenyewe. Hapana, ni mvuke wake. Mvuke ule ni mzito kupita hewa: unashuka, unatambaa chini kama maji mpaka ukute moto, na moto unaufuata kurudi mpaka kwenye kopo. Terebantini inatoa mvuke wa kuwaka ikifika digri 35 hivi. Kwa hiyo nayo isikae kwa jua kali wala karibu na moto. Lakini esanse inautoa hata kwa baridi ya digri 40 chini ya zero! Tena ndani yake mna benzeni, inayoleta kansa ya damu. Hivi si ndugu, hata kama vyote viwili vinalainisha verni.

Wanatuambia terebantini ni bei kali. Ni kweli. Lakini verni ya mafuta haiombi nyingi: sehemu moja kwa sehemu kumi za verni inatosha kwa mkono wa kwanza, na mikono inayofuata mara nyingi haiombi kitu. Chupa inakwisha mbio kwa sababu tunanawa nayo mikono! Mafuta ya mawese kidogo na sabuni vinatosha.

Kuko na vitambaa pia. Vikishika verni ya mafuta na kurundikwa kwenye pembe, vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kibiriti. Wenzetu hawasadiki, lakini ni hivyo. Shurti vianikwe inje, kimoja kimoja.

Na nani aliweka dawa ile ndani ya chupa ya limonadi? Watoto wa walimu wanapita pale kila siku. Mtoto akinywa, msimtapishe, juu inaweza kuingia kwenye mapafu. Mumpeleke mbio dispanseri.

Basi tunaomba wakubwa wetu: esanse itoke kabisa ndani ya ateliye, na verni ipakwe inje, chini ya mwembe, mbali na jiko. Vumbi? Tutamwagia maji mbele ya kuanza. Meza kumi na nne zingali zinangoja. Tuko tayari kuzibeba sisi wenyewe siku ya posho asubuhi.

Wanafunzi wa ateliye